Muhuri Ukigoma: Kutafuta Chanzo cha Alama Mbovu kwenye Kadi za Mkono

Umekata manila, umeikunja, umepanga maua matatu na neno "Hongera" chini yake. Unapiga muhuri, unauinua, na ua la katikati limetoka nusu. Mkono unakimbilia kitambaa ili ufute muhuri na upige tena. Subiri kidogo. Ukifuta sasa hivi, umefuta na jibu.

Uso wa muhuri uliotoka kupiga sasa hivi unaeleza karibu kila kitu. Uinamishe mshazari kwenye mwanga uutazame. Kama sehemu iliyokosekana kwenye karatasi bado imelowa wino na inang'aa, wino ulifika kwenye muhuri lakini haukushuka. Tafuta kosa kwenye mgandamizo, kwenye karatasi, au kwenye meza iliyo chini yake. Kama sehemu hiyo ni kavu, wino haukupanda kutoka kwenye pedi. Basi kosa liko kwenye pedi, kwenye namna ulivyoupaka, au uso wa muhuri wenyewe unaukataa wino. Na kama alama ilitoka safi ila ikaharibika baadaye, yaani ikasambaa, ikapakaa, au ikavuja ulipoanza kupaka rangi, muhuri hauna hatia. Hapo wino na karatasi havikupatana.

Jaribio la pili ni kupiga mara tatu mfululizo kwenye kipande cha karatasi ileile utakayotengenezea kadi. Doa jeupe likitokea mahali palepale mara zote tatu, liko kwenye muhuri. Likihamahama, ni mkono wako au karatasi. Ndiyo maana mimi huweka mabaki yote ya manila kwenye bahasha moja karibu na pedi. Kujaribia karatasi ya daftari kisha kupiga kwenye manila laini hakukufundishi kitu, kwa sababu hizo ni karatasi mbili zenye tabia mbili.

Muhuri mpya, na picha imejaa vitobo vyeupe

Hii huwapata zaidi wenye mihuri angavu, ile ya plastiki laini ya fotopolima inayobandikwa kwenye kibao cha akriliki. Unapaka wino, na badala ya kutanda unajikusanya kuwa vitone kama maji juu ya jani. Kwenye karatasi panatoka picha yenye madoadoa.

Sababu yake ni kwamba uso uliotoka kiwandani ni laini kama kioo na mara nyingine una utelezi uliobaki tangu ulipotengenezwa. Anza kwa kuuosha kwa maji na sabuni kidogo, uache ukauke wenyewe. Mara nyingi hiyo inatosha. Ikishindikana, chukua kifutio cheupe cha penseli, kile laini, usugue juu ya picha kwa wepesi kuelekea pande zote hadi mng'ao upungue na uso uonekane umefifia kidogo. Osha mabaki ya kifutio, kausha, piga tena. Msasa siupendekezi. Wapo wanaoutumia, lakini mstari mwembamba ukishalika haurudi.

Mihuri ya mpira mwekundu au wa kijivu hushika wino kwa urahisi zaidi, ila nayo ikiwa mipya huweza kuwa na unga wa kiwandani. Ipige mara tano au sita kwenye mabaki kabla ya kuihukumu.

Kuna visababishi viwili vinavyofanana na hiki. Cha kwanza ni maji. Muhuri uliooshwa ukapigwa kabla haujakauka hutoa mabaka yaliyopauka, kwa sababu maji yaliyojificha kwenye mifereji yanaupunguza wino makali. Cha pili ni unyuzi, wa kitambaa au wa tishu, ulionasa juu ya picha. Huo huacha mstari mweupe mwembamba uliojipinda, na huonekana mahali palepale kila unapopiga. Uondoe kwa ncha ya seloteipu, usiukwangue kwa ukucha.

Katikati pamepauka, au picha nzima ina mabaka

Kama picha ni ya mistari, ni rahisi: ulibonyeza ukingoni ukasahau katikati, au meza ina kibonde. Bonyeza kwa kidole katikati, kisha kila kona, bila kuusogeza muhuri, halafu uinue wima.

Picha kubwa zilizojaa, kama jani pana, mduara mzima au kivuli cha mti, zina ugumu wa aina nyingine, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa wakidhani mkono wao ni mbovu. Fikiria eneo lenyewe. Nguvu ileile ya mkono inayotosha kwa mistari michache myembamba sasa inagawanywa juu ya uso mpana, kwa hiyo kila sehemu inapata mgandamizo mdogo. Halafu hakuna meza iliyonyooka kabisa wala karatasi yenye unene ulio sawa kila mahali. Penye kibonde kidogo, wino haugusi.

Tiba ya kwanza ni mto. Weka kipande cha sponji nyembamba na ngumu chini ya karatasi. Pedi ya kipanya cha kompyuta inafaa sana, au rundo la karatasi kumi hivi. Mto unainua karatasi ikutane na muhuri penye mabonde. Muhuri wa mbao tayari una sponji kati ya mpira na ubao, lakini ule angavu kwenye akriliki hauna, kwa hiyo ndio unaohitaji mto zaidi.

Tiba ya pili ni kugeuza mpango. Laza muhuri mezani uso juu, upake wino kwa kuishusha pedi juu yake, kisha laza karatasi juu ya muhuri, weka karatasi nyingine safi juu, na usugue kwa kidole au kwa mgongo wa kijiko. Unasikia kila pembe chini ya kidole chako. Kwa picha pana, hii kwangu ndiyo njia bora kuliko zote.

Ya tatu inahitaji kifaa cha kupangia muhuri, kile chenye mfuniko wa bawaba unaoshika muhuri na sumaku zinazoshika karatasi. Ukikosea mara ya kwanza unapaka wino tena na kufunga mfuniko tena, na picha inaangukia mahali palepale. Ukiwa nacho, mabaka hayana tena sababu ya kukuharibia kadi.

Wino nao unachangia. Wino wenye chembe za rangi hujaza eneo pana vizuri kuliko wino mwepesi wa maji, ambao karatasi huunywa mahali pengine haraka na pengine polepole.

Mistari imenenepa, macho ya herufi yamezibwa

Herufi "e" na "a" zimekuwa vidonge vyeusi. Ukiutazama muhuri unaona wino umejaa hadi kwenye mifereji. Hapa wino umezidi, na karibu kila mara chanzo ni kuubamiza muhuri kwenye pedi kama mtu anayegonga mihuri ofisini. Gusa pedi kwa wepesi, mara nyingi, tap tap tap, ukigeuza muhuri kidogo kila mara. Ukiwa na muhuri mkubwa kuliko pedi, laza muhuri chini na pedi ndiyo iutembelee.

Pedi mpya au iliyoongezwa wino karibuni huwa na ujazo mwingi hata ukiigusa kwa wepesi. Piga mara moja kwenye mabaki, kisha bila kuongeza wino piga kwenye kadi. Herufi ndogo mara nyingi hutoka nzuri zaidi kwenye pigo hilo la pili.

Vijimstari vya pembeni, vile vinavyoonekana kama fremu iliyokatika kuzunguka picha, hutokana na ukingo wa mpira kugusa pedi halafu karatasi. Punguza mgandamizo, usiuyumbishe muhuri huku na huku, na kama ukingo ni mpana, ukate kwa mkasi mkali karibu na picha, mkasi ukielekea nje ili mpira ulio chini ya picha usiliwe. Picha mbili zilizopishana kidogo maana yake muhuri uliteleza. Huo huteleza zaidi kwenye karatasi ya kung'aa, kwa hiyo shika kwa mikono miwili na viwiko viwe mezani.

Wino unatambaa kama mizizi

Alama ilikuwa kali, kisha mbele ya macho yako kingo zikaota manyoya. Karatasi inakunywa wino kuliko inavyopaswa.

Kabla ya kununua karatasi nyingi, fanya jaribio la tone. Dondosha tone dogo la maji kwenye kona ya karatasi. Likizama mara moja na kuacha doa pana, wino mwepesi utatambaa humo. Likikaa juu limeumuka kama shanga kwa dakika kadhaa, wino hautatambaa, ila utachelewa kukauka. Lile linalozama taratibu, bila kupanuka sana, ndiyo karatasi unayoitaka kwa mihuri.

Uzito nao uangalie. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ofisini ni gramu 80 kwa mita ya mraba, na wino huonekana upande wa pili. Kwa kadi yenyewe, gramu 250 hadi 300 husimama vizuri. Kipande cha mbele kinachobandikwa juu ya kadi kinaweza kuwa chepesi zaidi. Na kubandika kipande hicho ni zaidi ya pambo: ukikosea unatupa kipande, kadi inabaki, na wino uliopenya nyuma haumfikii anayeandika salamu ndani.

Manila yenye mikwaruzo au vinundu hutoa picha iliyokatikakatika hata ukibonyeza vipi. Igeuze. Mara nyingi upande mmoja ni laini kuliko mwingine.

Wino haukauki

Ili kuelewa hili unahitaji kujua una wino gani. Wino mwepesi wa maji una rangi iliyoyeyuka kabisa. Karatasi inaunywa, unakauka haraka, lakini rangi zake nyingi hupauka zikikaa juani. Wino wa pigmenti una chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka. Hukaa juu ya karatasi, una rangi nzito, hustahimili mwanga, na hukauka polepole. Wino wa spiriti, kama StazOn, hukauka kwa kimiminika chake kuruka hewani, kwa hiyo hushika hata kwenye plastiki, kioo na karatasi ya kung'aa.

Sasa weka wino wa pigmenti kwenye manila ya kung'aa. Karatasi hainywi, na wino hauna pa kwenda. Niliwahi kupiga kadi kumi na mbili hivyo, wino wa dhahabu kwenye manila nyeupe inayometa, nikazipanga dirishani. Siku ya tatu nikachukua moja, kidole gumba kikapita juu ya ukingo wa nyota, na nyota ikavutika hadi kwenye kona ya kadi. Nilitazama kidole kilichojaa dhahabu nikaelewa kwamba ningeweza kungoja mwezi mzima.

Ubichi huohuo ndio uliozikomboa. Kwa kuwa wino ulikuwa bado unanata, nilinyunyiza poda angavu ya embosi, ile inayonata kwenye wino mbichi na kuyeyuka kwa moto ikaacha picha iliyoinuka, juu ya kila kadi, nikakung'uta, nikapasha moto. Poda iliyeyuka ikaufunga wino chini yake. Kadi kumi zilipona. Mbili tayari zilikuwa na alama za vidole.

Kwa hiyo: pigmenti kwenye karatasi ya kawaida, ngoja au ipashe moto kidogo kwa kipuliza joto. Pigmenti kwenye karatasi ya kung'aa, funga kwa poda angavu. Ukitaka kupiga kwenye karatasi ya kung'aa bila poda, tumia wino wa spiriti. Kupima kama umekauka, gusa sehemu isiyoonekana sana kwa kona ya tishu. Usitumie kidole.

Mistari inavuja unapopaka rangi

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa sababu linatokea mwishoni, picha ikiwa tayari imependeza. Umepiga ua kwa wino mweusi, umengoja, umechukua kalamu ya rangi, na petali ya kwanza imegeuka kijivu.

Kanuni ni moja: kinachoyeyusha rangi yako kisiwe kile kinachoyeyusha wino wako. Makapeni ya alkoholi, kama Copic, yana kiyeyushi kinachoufungua wino wa spiriti. Ndiyo maana StazOn, ambao maji hayaugusi, huvuja chini ya makapeni hayo, na watu hushangaa kwa sababu kifuniko kimeandikwa kwamba ni wino wa kudumu. Ni wa kudumu mbele ya maji. Mbele ya alkoholi ni habari nyingine. Kwa makapeni ya alkoholi tumia wino mwepesi wa maji uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Memento ndio unaotumiwa sana.

Geuza sasa. Memento huohuo ukipakwa rangi za maji kwa brashi unatiririka. Kwa rangi za maji unahitaji wino usioyeyuka kwa maji ukishakauka: VersaFine, ambao ni wa pigmenti yenye mafuta, au Archival wa Ranger, au StazOn wenyewe. Wino wa mafuta unahitaji kukauka kweli. Upashe moto na uache kwa muda kabla ya brashi ya kwanza. Penseli za rangi za kawaida hazina kiyeyushi chochote, kwa hiyo zinapatana na karibu kila wino uliokauka. Anayeanza na hana uhakika, aanze na penseli.

Kama una pedi isiyo na jina, au umesahau ni ya aina gani, piga mistari miwili kwenye mabaki na uiache ikauke. Pitisha brashi yenye maji juu ya mmoja na makapeni juu ya mwingine. Andika matokeo kwa penseli chini ya pedi. Dakika tano za kazi hiyo zimeniokolea picha nyingi sana.

Poda ya embosi inakataa

Chembe za poda zimeshika nje ya picha, ukipasha moto zinakuwa vipele vya dhahabu kila mahali. Chanzo ni mafuta ya vidole, unyevu, au umeme tuli wa karatasi. Kabla hujapiga muhuri, pitisha juu ya karatasi kifuko cha kitambaa chenye poda ya talki kidogo. Kama umeshachelewa, ondoa chembe kwa brashi ndogo kavu kabla ya moto. Baada ya moto hazitoki.

Poda haikushika mahali pengine: wino ulikauka kabla hujanyunyiza. Wino mwepesi hukauka mapema mno kwa kazi hii. Tumia wa pigmenti, au wino angavu unaonata kama VersaMark, na chombo cha poda kiwe wazi tayari kabla hujapiga.

Uso umebaki na punje kama mchanga: moto haujatosha. Uso umekuwa bapa, umepoteza mng'ao, na karatasi ina doa kama la mafuta: moto umezidi, poda imezama. Kati ya hali hizo mbili kuna sekunde chache. Washa kipuliza joto kikielekea pembeni hadi kipate moto, kisha kilete juu ya kona moja ya picha. Utaona punje zinang'aa ghafla, kama maji yanayotanda. Papo hapo sogea. Usirudi ulikotoka. Mashine ya kukaushia nywele haifai hapa. Upepo wake ni mwingi na joto lake ni dogo, kwa hiyo inapeperusha poda kabla haijayeyuka.

Shika karatasi kwa kibanio, si kwa vidole, na ondoa mabaki ya karatasi mezani. Joto la kifaa hiki linaunguza.

Kwa maandishi madogo, tafuta poda ya chembe ndogo zaidi. Ile ya kawaida inanenepesha herufi hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Rangi siyo ile uliyotarajia

Njano yenye vijidoa vya zambarau maana yake muhuri ulitoka kwenye pedi moja ukaenda nyingine bila kufutwa. Anza na rangi nyepesi, maliza na nzito, na futa katikati. Pedi ya sponji iliyochafuka huweza kuokolewa kwa kuigonga na tishu safi tena na tena hadi doa litoke.

Rangi isiyoonekana kwenye manila nyeusi au ya kahawia ni wino mwepesi. Huo unapitisha mwanga, na rangi ya karatasi inaumeza. Huko unahitaji pigmenti. Wino mweupe nao hufifia unapokauka kwenye karatasi ya kahawia, na pigo la pili juu ya la kwanza, kwa kile kifaa cha bawaba, ndilo linalourudisha.

Pedi iliyoanza kutoa rangi dhaifu, usiiongezee maji. Utaupunguza wino nguvu na kukaribisha kuvu. Ongeza wino wa chupa wa aina ileile, matone machache, uyatandaze kwa ubapa wa kijiti, uache usiku mmoja. Pedi nyingi za wino mwepesi hupenda kuhifadhiwa zikiwa kichwa chini, wino uteremke kuelekea uso.

Maandishi yametoka kinyume

Hii ni kwa wanaochonga mihuri yao wenyewe kwenye kifutio au mpira laini. Neno lazima lichongwe kinyume ili lisomeke likipigwa. Usijaribu kulichora kinyume kwa mkono. Liandike kawaida kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze karatasi kifudifudi juu ya mpira, sugua mgongo wake. Penseli inahamia kwenye mpira ikiwa tayari imegeuka. Kisha chonga kile usichotaka kipige, na kisu kielekee nje ya mstari, si chini yake. Mstari ulioliwa kwa chini utainama ukibonyezwa, na siku moja utakatika.

Kadi yenyewe ina kasoro

Mkunjo uliopasuka na kuonyesha manyoya meupe ni suala la nyuzi za karatasi. Pinda karatasi taratibu, bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi, mkunjo wake unafuata nyuzi, na huko ndiko pa kukunja. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, kwenye ule upande wa milimita 297. Ukiikata katikati upate vipande viwili vya A5 na kukunja kila kimoja kuwa A6, mkunjo unafuata nyuzi. Ukiikunja A4 nzima kuwa A5, mkunjo unazikata. Ndiyo maana kadi kubwa hupasuka na ndogo, za karatasi ileile, hazipasuki.

Kabla ya kukunja chora mfuo kwa rula na kalamu ya wino uliokwisha, kisha kunja ili uvimbe wa mfuo ubaki ndani.

Kadi ya A6 ina milimita 105 kwa 148 na inaingia kwenye bahasha ya C6, yenye 114 kwa 162. Ya A5 inahitaji C5. Ukibandika vipande vilivyoinuliwa kwa sponji, kadi inaweza kutoshea kwa upana ikagoma kwa unene. Jaribu bahasha kabla ya kubandika cha mwisho.

Kadi iliyojipinda baada ya gundi imekunywa maji upande mmoja. Tumia gundi kidogo, kwa ukingo na katikati tu, au seloteipu ya pande mbili, na uiweke chini ya vitabu usiku kucha.

Muhuri unaozeeka

Muhuri angavu usiogandia tena kwenye kibao una vumbi mgongoni. Uoshe kwa maji na sabuni, uache ukauke kwa hewa, mgando unarudi. Ukigeuka manjano, mwanga umeubadilisha rangi, lakini unapiga kama zamani. Madoa ya wino juu yake hali kadhalika.

Wa mbao usiuloweke kamwe. Gundi inaachia na ubao unavimba. Uufute kwa kitambaa chenye unyevu au waipsi za watoto zisizo na alkoholi, kisha uugonge kwenye kitambaa kikavu. Wino wa spiriti una kisafishio chake. Kitumie mara moja, kisha futa kwa maji. Petroli na mafuta ya taa viepuke kabisa, kwa sababu mpira asilia huyanywa mafuta hayo na kuvimba, na picha inapotoka.

Mpira wa mihuri umepikwa na salfa, njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844, na upishi huo ndio unaoufanya urudi umbo lake kila unapobonyezwa. Jua na hewa huuharibu taratibu. Ukiinama na kuona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, na ukucha hauachi tena kibonde kinachorudi, hakuna sabuni wala kifutio kitakachousaidia. Upige mara moja kwa wino mzito kwenye karatasi laini, uhifadhi picha hiyo, na uitumie kama kielelezo cha kuchonga mwingine.